MWENYEKITI ATAKA KOMPYUTA YA MASJALA INYAMAZE

Kikao cha tatu cha Kamati ya Masjala, Jumatano, chumba cha mafaili, saa 4:00 asubuhi

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Shangazi (karani wa masjala), Fundi wa Kompyuta, Dereva, Katibu (mwandishi).
Asiyehudhuria: Mhudumu wa chai, bila udhuru. Chai nayo haikuhudhuria.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:40 na kuwakaripia waliofika saa 4:00 kwa kupiga soga.

KUMB. NA. 2/3: MILIO
Mwenyekiti alilalamika kwamba kompyuta inamvunjia heshima: akikosea tu, inamtangaza hadi mapokezi. Alitaka milio yote izimwe leo leo.

Fundi alifafanua kwamba milio ina mpangilio. Ngoma ni faili, kengele ni barua. Mlio ukipanda, kitu kimehifadhiwa, ukishuka, kimefutwa. Dereva alisema hata yeye ameshaijua, na kazi yake ni usukani.

Shangazi alieleza kwamba macho yake yamefifia tangu mwaka jana, na kazi sasa anaifanya kwa masikio. "Mkiizima, wanangu, semeni tu mmenifukuza." Katibu aliumia, na ameona aliandike hilo.

KUMB. NA. 3/3: UAMUZI WA KIKAO CHA PILI
Katibu alikumbusha kwamba kikao cha pili kiliamua milio ibaki, na Shangazi asiguswe. Mwenyekiti, ambaye kompyuta ilikuwa mbele yake, alisema hakumbuki uamuzi huo. Kama upo, uonyeshwe. Alisema hayo huku akibonyezabonyeza kibodi.

Ngoma ikalia midundo miwili, ikishuka.

Shangazi, aliyekuwa akipangusa miwani, alisema: "Mwenyekiti, mwanangu, umefuta faili."

Mwenyekiti alisema ni upepo. Dereva alicheka mpaka akaamriwa atoke, hakutoka. Fundi alifungua pipa la taka la kompyuta na kukuta faili moja tu: kumbukumbu za kikao cha pili. Alilirudisha, na ngoma ikapanda.

Wajumbe wanne waliamua milio ibaki, na Shangazi abaki. Mwenyekiti hakupinga. Alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake.

KUMB. NA. 4/3: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:25. Katibu alihifadhi kumbukumbu hizi mbele ya wote. Hakuna aliyeinuka mpaka Shangazi aliposikiliza na kusema, "Haya, zimeingia. Sasa Mwenyekiti asaini."

Mwenyekiti: (amesaini)
Katibu: (amesaini)

Nakala ya akiba: kwa Dereva, chini ya kiti.