Mpaka Ng'ombe Arudi Zizini

Mama Shija, mama yangu, mwangaluka mayu.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya maabara, pale ulipokuwa unakaa kubadili viatu. Sufuria ya mvuke iko jikoni na mimi nasubiri. Sijui barua ya mtu aliyekufa inapelekwa posta gani. Nitaiweka kwenye mfuko wa koti lako. Bado liko kwenye msumari wake, hakuna aliyelitoa. Hata mimi sijaligusa, nalipita tu.

Tulikuzika Lalago, mvua inanyesha. Mimi sikulia. Nilichota maji, nikamenya viazi, nikamnyonyesha Kabula, nikaosha masufuria ya watu. Wifi yako mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Huyu si ndiye aliyekuwa anashinda naye kila siku? Mbona macho makavu kama dagaa wa juani?" Sikumkasirikia. Alikuwa anasema kweli. Mama Shija, unajua mguu ukiukalia muda mrefu? Unaushika unaona ni wako, lakini wenyewe hauna habari na wewe. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Na baadaye ndivyo nilivyoendelea.

Nikupe habari za huku. Mbele ya geti la hospitali kumefunguliwa maduka matatu ya dawa, yote kwa mwezi mmoja. Kapsuli zinauzwa mbili mbili kama pipi, mgonjwa anachagua rangi. Pamba msimu huu wananunua watu binafsi, wanakuja na malori yao hadi shambani, na mume wangu anasema safari hii huenda tukaezeka bati. Kondoo wetu wa kutoa damu, Mabula, mzima, amenenepa, ila ananikimbia. Anadhani kila nikija nina sindano. Na tumeletewa mkuu mpya wa maabara, kijana kutoka chuo, mpole, shati limepigwa pasi. Ananiita dada Minza.

Huyo kijana siku ya kwanza aliniuliza nani alinifundisha kutengeneza damu ya kuoteshea wadudu wa magonjwa. Nikasema Mama Shija. Akauliza ulisomea wapi. Nikamwambia sijui. Mimi darasa la saba, wewe sikuwahi kukuuliza.

Ulinikuta nadeki, unakumbuka? Ukaniambia weka hilo dekio, njoo ushike chupa. Ilikuwa damu ya Mabula, ya moto bado, na gololi ndogo za kioo ndani yake. Ukasema nitikise isigande. Nikatikisa kama natikisa kibuyu cha maziwa kwetu, kwa nguvu zote, nikifikiri utanisifu. Ukanipokonya. "Ng'wana wane, mwanangu, hiyo ni damu, siyo samli. Unaivunja. Ibembeleze kama mtoto anayekataa kulala." Ukanifundisha kusikiliza. Gololi mwanzo zinapiga kelele, halafu zinaanza kunyamaza, nyuzi za damu zikizizunguka. Zikishanyamaza kabisa, basi, damu haigandi tena hata uiache mpaka kesho.

Nilikuuliza kwa nini tunawapikia wadudu wakati watu wenyewe wana njaa. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema mdudu anayekula mtoto wa watu ni mgeni mwizi, anajificha. Mpikie chakula anachokipenda, atatoka mwenyewe aonekane, na daktari atajua ampige na fimbo gani.

Kilichobaki kunishinda ni kile cha mwisho, joto. Ile agari, unga wa mwani tunaouchanganya na damu, ukishaipika ni kama uji mwepesi, na ikipoa inaganda. Damu ukiimwaga agari ingali ya moto sana, inaiva, inakuwa kahawia. Ukichelewa, inashika mabonge. Kuna kanafasi kadogo katikati, na kipimajoto chetu kilivunjika tangu enzi za foleni za sukari. Leo maduka yamejaa redio na mitumba, kipimajoto hakuna. Wewe ulikuwa unaiweka chupa kwenye beseni la maji, unakaa, halafu unaigusisha shavuni. Ulisema mikono ya sisi wapika ugali ni migumu, inadanganya. Shavu halidanganyi.

Baada ya msiba niliiweka chupa shavuni, Mama Shija, na shavu halikusema kitu. Niliona mvuke, nikajua ni ya moto, lakini sikuisikia. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nilipomimina damu ikashika mabonge kama uji uliopikwa na mtoto. Mara ya pili nikaogopa kuchelewa, nikawahi, visahani vyote ishirini vikawa kahawia. Yule kijana akavitazama, akasema vya namna hiyo vina kazi yake kwa wadudu wengine, ila yeye hakuviomba, na usaha uliokuwa unasubiri ulihitaji damu mbichi. Ulikuwa wa mguu wa mtoto wa wodi namba mbili. Ameshakula kapsuli za rangi zote za pale getini, na mfupa bado unatoa usaha. Mama yake ni mwenzangu, ana umri wangu. Kila asubuhi ananiuliza mlangoni, "Dada, mdudu wake amepatikana?" Namjibu bado. Sikumwambia kwamba chakula kiliungua.

Ndipo kijana akaniita pembeni. Hakugomba. Akasema, "Dada Minza, watumishi wanapunguzwa, na meza hii inakula vitu bila matokeo. Ijumaa ukiharibu tena nitaifunga. Utarudi kwenye usafi." Nikasema sawa. Sikusikia hata uchungu. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikalala.

Alhamisi asubuhi Kabula akawa analilia uji, na uji ulikuwa wa moto. Nikaliweka bakuli kwenye beseni la maji, nikampakata. Hanyamazi. Sikuwa na wimbo, kichwa changu kitupu, basi nikachukua kilichokuwepo mdomoni, nikamsimulia ng'ombe wako.

Ile hadithi, Mama Shija. Nimeisikia mara ngapi, tukisubiri chupa ipoe kwenye beseni? Ng'ombe wako wa pembe moja iliyopinda, alivyopotea Lalago, ukamfuata kwa miguu siku tatu, kila mji unaingia unauliza. Wa kwanza wakakupa maji. Wa pili michembe, viazi vyao vya kukausha. Wa tatu yule mzee akakuuliza mwanamke anayetafuta ng'ombe ana mume gani. Wa nne mbwa. Unafika mpaka Nassa, unaona ziwa, unakata tamaa, unarudi miji ileile yote, na yule mzee tena, na mbwa tena. Mimi nilikuwa nachoka nayo. Nilikuwa nasema moyoni, mayu, ruka mbwa leo. Hukuruka. Na ukifika nyumbani, "Nikamkuta amelala zizini anacheua, ananitazama kama mimi ndiye niliyepotea." Hapo unacheka, unanyanyua chupa, shavuni, unamimina damu.

Kila mara hapo. Hukuwahi kumimina kabla ng'ombe hajarudi.

Nilifika kwenye zizi, Kabula ameshanyamaza, nikaonja uji. Ulikuwa sawasawa. Nikabaki na kijiko mkononi.

Ijumaa niliibembeleza damu mpaka gololi zikanyamaza. Nikaitoa agari, nikaiweka kwenye beseni, nikakaa kwenye stuli yako. Nikaanza hadithi kwa sauti, maana kimoyomoyo ningekimbia. Kijana akasimama mlangoni. "Dada, unaongea na nani?" Nikamwambia nipishe kwanza, niko mji wa tatu. Yule anayefanya usafi siku hizi, Kwandu, akasema nifupishe, kuna kazi. Sikufupisha. Nilitaja maji, michembe, mzee, mbwa. Nikaenda mpaka ziwani na kurudi. Nilipofika zizini nikanyanyua chupa, nikaiweka shavuni.

Nikaisikia.

Ilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuamka. Nilikaa nayo hivyo kidogo, si sana, ulinifundisha nisichelewe. Nikamimina damu, nikazungusha polepole bila mapovu, nikajaza visahani. Vyekundu vyote, mayu. Vyekundu kama kanga mpya. Kufunika vifuniko ndiyo ilinipa shida, nilikuwa sioni vizuri, machozi yanashuka, na mimi naogopa yasidondokee chakula cha wadudu.

Kimoja tulikilaza kwenye kabati la joto, kesho yake kikatoka safi, hakuna kilichoota. Tukapanda ule usaha kwenye vingine kwa waya. Jana Jumatatu kijana alifungua, akaniita nije nione. Vitone vidogo vya njano, vimejipanga pale nilipopitisha waya, kama matone ya samli. Mgeni mwizi ametoka. Daktari amebadilisha dawa, na mama wa yule mtoto nimemwambia mwenyewe, mlangoni. Kijana amesema nipike vingine. Halafu akaniuliza, kwa haya kidogo, yule ng'ombe hatimaye alikuwa wapi siku zote hizo. Nikamwambia hilo hukuwahi kusema.

Sufuria inapuliza, lazima niingie. Wabeja, mayu, kwa yote, hata kwa mbwa. Pumzika huko Lalago. Pamba ikiuzwa nitakuja na Kabula tupalilie hapo ulipo. Koti lako nitalifua leo, nilirudishe kwenye msumari na barua hii ndani.

Na ile hadithi nakuahidi sitaifupisha, hata wakinisimamia mlangoni na saa mkononi.

Mwanao,
Minza