Funda Moja la Babangu

Matondoni

Mjukuu wangu Zena,

Nakusalimu, na mwana umbusu kwa niaba yangu. Huku hatujambo, na mbuzi mweupe amezaa pacha.

Umeniuliza: mumeo yuko kwenye riyadha, ibada ya kujinyima, ya siku arubaini, hali kitu chenye roho, wala maziwa wala samli. Je, mwana naye umlishe vivyo hivyo, apate baraka?

Mimi nilishafanya hivyo, mjukuu wangu. Mwaka ule wa vita vya Wazungu, babangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alishika riyadha kama hiyo. Nikamstahi mno, hata nikamnyima mwanangu, aliyekwisha kuacha ziwa, samaki na maziwa. Alipokonda, mimi niliona ucha Mungu.

Siku ya thelathini na saba Baba alimpakata, akamshika mkono.

"Huyu anakula nini?"

Nikamwambia, kwa fahari.

Hakunigombeza. Aliagiza kikombe cha maziwa ya mbuzi. Mtoto akayakataa, ameshayasahau. Basi Baba akanywa yeye kwanza, funda moja, ndipo mtoto akanywa.

"Baba, riyadha yako!"

"Nia niliiweka mimi, mwanangu. Huyu hakunuia kitu."

Kesho yake akaanza upya, siku ya kwanza, wala hakuitaja tena ile aliyoivunja. Tangu hapo sijamwona mcha Mungu mfano wake.

Mtoto yule ndiye mamako. Kikombe chenyewe anacho mleta barua hii. Kioshe, ukitie maziwa, kisha unywe wewe kwanza.

Bibi yako