Malalo ya ku Kilima ya Musikiti

Yaya Kasonde, kule Mitwaba,

Huku Kamalondo tuko bazima. Mutoto wangu Benita anajifunza kushona. Robe yake ya kwanza ilitoka na mukono moja murefu, tulicheka sana.

Unakatala simu yangu, basi soma. Bale bantu ba historia banachimbua kilima ya musikiti ya zamani kule Mitwaba balituonyesha foto: bantu bote balizikwa ku mubavu ya kuume, uso unaangalia kaskazini. Wewe unasema njo malalo ya bageni, buludoza yako ya barabara ipite. Na baba yetu, mukristo, tulimulaza namna gani? Mama alikatala alale mugongo, tukamulaza ku mubavu ya kuume, uso kaskazini: "Kwetu banalala vile."

Mama njo anakuletea hii barua. Mupatie maji. Mukeka anabeba ni ya kulala pale kilima, ku mubavu, mbele ya buludoza yako.

Mudogo wako,
Clotilde