Wavu Nilioukata Shambani

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ule wavu wa shamba la kunde niliukata mimi.

Ule mkuukuu wa kuvulia uliotoka nao ziwani, kule Sindo, ukauzungushia shamba ili swala wa mbugani wasimalize mboga zetu. "Leo tunavua samaki wa nchi kavu," ulinitania tukipigilia vigingi. Swala akinaswa, ulimfungua fundo kwa fundo huku ukimsemesha. Mimi nilimkuta mmoja asubuhi moja nikienda kuteka maji, amejisokota mpaka shingoni. Akanirushia mateke. Niliogopa, Baba. Nikakimbilia kisu chako cha samaki, nikakata, akaenda zake. Nami nikaenda shule. Kurudi jioni, wenzake walikuwa wamepita kwenye lile pengo. Hakukubaki hata jani.

Mama aliinama, akashika nyuzi. "Mnyama hana kisu." Halafu akatazama kwa Baba mdogo, ng'ambo ya ua. "Tangu tumzike ndugu yake anapima hili shamba kwa macho. Leo wavu, kesho mpaka."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza. Unanijua.

Sasa hatusalimiani. Samaki aliotuletea Baba mdogo, Mama aliwarudisha bila kufunua sahani. Akikohoa huko kwake, Mama anauliza, "Anamkoholea nani?" Na kinachonitisha ni kwamba hata mimi nimeanza kumshuku. Juzi alisimama kando ya shamba, nikajiambia, anatafuta nini huyo? Kisu nilikishika mwenyewe, na bado namshuku! Halafu jana Mama aliniuliza kisu kiko wapi, akaniangalia kwa muda mrefu. Sijui anajua nini.

Kesho naibu wa chifu anakuja kusikiliza kesi. Mama atamtaja Baba mdogo mbele ya watu wote kuwa mwizi wa shamba. Yeye aliyelala nje siku zote za matanga yako.

Barua hii niliianza kwa Kiingereza, Mama asielewe. Nimeichana. Kiswahili atakisoma polepole, kwa kidole, lakini atakisoma.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kesho nitasimama niseme mwenyewe, hata sauti ikitetemeka, hata wakicheka. Na wavu nitaushona.

Nasikia patipati za Mama zikimpiga nyayoni, zinakuja mlangoni. Karatasi hii nimekuwa nikiificha chini ya daftari. Nimeitoa, nimeiweka mezani, upande wenye maandishi juu.

Mwanao,
Akinyi