Mufano ya Kumi na Sita

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa sita 1993

Kwako yaya Mpoyi, mukubwa wangu wa kazi,

Jambo sana, wewe na bibi yako mama Kabedi na batoto bote. Sisi huku Musonoi tuko bazima, lakini ni uzima ya kuhema tu. Barua yako ilifika kwa mikono ya katekista Séraphin. Alituambia vile mama yako Mushiya alifia ku gare ya treni, mbele ya treni yenu kufika. Nililia, yaya. Ule mama alinipikia bukari mara ngapi?

Kazi imekufa. Tangu balibafukuza ninyi Bakasai murudi ku provinsi yenu, biro yetu ya ordinatere, zile kompyuta za kampani, imebaki na mi na panya tu. Ile kitabu ya mafundisho ya programe uliniachia, ningali nasahihisha mifano yake na kalamu nyekundu. Ya juzi ilikosa mustari muzima. Nani ataisoma sasa, sijui.

Unaniandikia kama ni jirani yako Louis alitoa majina ya Bakasai ba kufukuzwa, juu yeye njo alikuwa mwandikaji wa shefu wa kampani. Unasema unamulaani kila asubui. Huku pia batu bamemukimbia, hata unga hakuna mwenye kuuzishia bibi yake. Alikuja kwangu juma iliyopita, akaniuliza kosa yake ni nini.

Yaya, Louis hakufanya kitu. Unakumbuka mufano ya kumi na sita, ile ya kutafuta batumishi kwa provinsi ya kwabo? Ilikuwa inatoa karatasi ya bule, bila jina hata moja, juu ilisoma safu ya 41, na provinsi iko ku safu ya 44. Nikasahihisha. Ulinifundisha kama mufano haisahihishwe bila kuijaribu na fishie ya kweli ya kampani, ile yenye majina ya batumishi bote, basi nikaijaribu na provinsi yenu. Majina ya Bakasai ikatoka, kurasa kumi na mbili. Nikazipeleka mi mwenyewe kwa shefu, anisifu. Kiisha siku tatu zikatundikwa ku mulango ya kiwanda.

Kusema sikujua ni uongo. Ile juma balikuwa banazomea Bakasai ku soko, na mi nasikia. Jina yako niliisoma, yaya. Nilifurahi, juu ilionyesha programe haikosee.

Nisalimie mama Kabedi na batoto, kama utaweza kutamka jina yangu mbele yabo. Louis nimemuambia leo. Bengine nitabaambia kanisani siku ya Mungu.

Ni mi, mudogo wako,
Kalumba