Pikapu Iliyokuwa na Deni

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile? Huku Kyimo tu wazima. Mguu wa bibi yako umepona, ameanza tena kugombana na kuku.

Umeniuliza habari ya kuuza gari kabla deni halijaisha. Mimi niliuza hivyo pikapu yangu ya ndizi. Kadi ya gari alikuwa nayo aliyenikopesha, Mzee Shabani, mwenye duka pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Mnunuzi alipokuja nilimsifia injini mpaka nikaishiwa maneno, deni silitaji. Mwisho nikalisema.

Akacheka. "Kila siku ya soko unaegesha kwanza mlangoni kwa Shabani. Nani hajui? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Tukaenda wote dukani. Shabani akalipwa chake, mnunuzi akapewa kadi, kilichobaki nikatia mfukoni. Na wewe mpeleke mnunuzi wako kwa waliokukopesha, mmalizane hapohapo.

Nilirudi kwa miguu, mvua inanyesha, napiga mluzi. Bibi yako aliponiona nimelowa, sina gari, akadhani nimepata ajali. Nikamwomba chai, nikalala mchana kweupe. Usingizi ule nautamani mpaka leo.

Babu yako