Kopo la Maua Lililonifanya Mwizi

Jumanne, Muyeye. Jua limewaka tangu asubuhi bila upepo, na mimi nimewaka kulishinda.

Leo nimeitwa mwizi mbele ya meza yangu mwenyewe.

Nauza mbaazi, pojo na mahindi, na napima kwa gorogoro: lile kopo la bati la mafuta ya kupikia la kilo mbili, ambalo mafuta yakiisha ndipo kazi yake inaanza. Langu lilitoboka kwa kutu mwezi uliopita. Nikanunua mafuta yaleyale, nikakuta kampuni imebadilisha kopo. Sasa ni la plastiki, lina maua, mkono na kifuniko, na maandishi makubwa: "Usinitupe, nitakufaa nyumbani." Urefu uleule, mdomo uleule. Nikayamimina mafuta kwenye sufuria, nikaliosha, nikaliweka mezani.

Leo asubuhi akaja Mama Kadzo, anayepika mbaazi za nazi za kuuza na mahamri. Miaka yote hii hajanunua kwingine.

"Bi Zuhura, mbaazi zako siku hizi zinayeyuka njiani? Nanunua gorogoro tano, nikipima kwangu hazifiki."

"Labda kopo lako limevimba, mamangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatoa kopo lake la bati kikapuni, akajaza langu, akamimina ndani ya lake. Pakabaki nafasi ya kutia ngumi.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe ile nyumba yake ya mawe ilijengwa hivi!"

Nyumba ile! Nilianza na sinia moja la pojo na mwavuli uliotoboka. Huyo msemaji alikuwa wapi?

Mama Kadzo akaenda zake bila kununua, bila hata kwaheri.

Nikalipindua kopo. Kitako kimesukumwa ndani kama bakuli lililofunikwa. Pembeni, kwa herufi za sisimizi: kilo moja na gramu mia nane. Yaani katika kila gorogoro kumi nilizouza, moja ilibaki kwangu.

Na gunia linalonipa gorogoro arobaini na tano lilinipa hamsini. Mimi, ninayepiga hesabu hata usingizini, nikasema alhamdulillahi, baraka.

Baraka!

Hao waliokaa ofisini wakachora maua wanajua fika kwamba pwani nzima inapimia makopo yao. Wamenipunja mafuta, nami nikawapunja majirani mbaazi, na anayetukanwa sokoni ni mimi peke yangu.

Kesho alfajiri, kabla Mama Kadzo hajawasha moto, nitabisha hodi kwake na ndoo ya mbaazi. Apime mwenyewe, kwa kopo lake, mpaka aseme basi. Kisha nitamwomba aniazime kopo hilo nipimie mezani, mbele ya walewale waliocheka.

Akikataa je? Sijui. Hesabu hiyo sijaiweza.

La maua sikulitupa, nimetii maandishi yake. Liko msalani, la kuchambia. Huko hakuna anayepima.